Mtoto Aliyewekwa Rehani: Ubishi wa Wasomaji wa Handeni na Korogwe

Kuna ubishi juu ya vitabu ambao Handeni na Korogwe una uzito wa pekee. Mtu anayetaka kujua nchi yake ilipitia nini asome riwaya, asome wasifu wa aliyekuwapo, au asome kitabu cha mtafiti? Nitauweka ubishi huu katika vinywa vya watu watatu. Mwalimu anafundisha historia Korogwe na hakubali sentensi isiyo na ushahidi. Dada yuko Handeni mjini, na riwaya ndiyo chakula chake. Mzee hasomi kitu ila wasifu na kumbukumbu za watu wazima. Hawa si watu fulani ninaowajua. Ni hoja tatu nilizozipa sauti ili zijibizane. Msimamo wangu nautoa mapema, asije msomaji akaniwinda hadi mwisho. Kwa jambo moja kubwa lililowapata watu wa sehemu hizi, yaani watoto na watu wazima kuwekwa rehani wakati wa njaa na madeni, riwaya imeona mbali kuliko tarikhi, na inastahili kusikilizwa kama shahidi, mradi ihojiwe kama shahidi.

Dada ndiye anayeanza, na kitabu alichokishika ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli katika mji mdogo wa bara ambako reli imefika, na biashara imedorora. Kila mara tajiri Aziz anapopita na msafara wake humwachia mtoto sarafu, na mtoto anamdhani ni mjomba wake. Siku moja anaambiwa atasafiri na mjomba, anapandishwa treni, na ni huko pwani, dukani, ambako Khalil anamfungua macho: huyu si mjomba wako, wewe uko hapa kwa deni la baba yako. Khalil mwenyewe yuko pale kwa deni la baba yake. “Mwalimu,” anasema Dada, “kitabu chako cha historia kinaniambia watu waliwekwa rehani. Hiki kimenionyesha namna jambo hilo linavyofanyika ndani ya nyumba yenye heshima, mama akiwa jikoni anajua, baba anakwepa macho ya mwanawe, na mtoto anafurahia safari. Sijasoma popote pengine palipoeleza kwamba deni linaweza kuvaa kanzu ya undugu, na likakaribishwa mezani.”

Mwalimu hamkatalii uzuri wa kitabu. Anamkatalia cheo anachokipa. “Dada yangu, mji ule hauko kwenye ramani. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Hayo ninaweza kuyathibitisha. Yusuf siwezi. Gurnah amezaliwa Zanzibar mwaka 1948, amekwenda Uingereza akiwa kijana, na kitabu amekiandika huko, miaka kama themanini baada ya mambo anayoyasimulia. Mtu wa namna hiyo anaweza kunifurahisha, lakini hawezi kuwa shahidi. Ukianza kuikubali riwaya kama ushahidi, kesho utakubali kila kitu kilichoandikwa vizuri.” Hoja hii ni nzito, na wapenzi wengi wa riwaya huikwepa kwa kusema kwamba ukweli wa moyo una njia zake. Mimi siikwepi. Nasema Mwalimu anadai kitu ambacho riwaya haikuahidi. Haikuahidi tarehe wala majina. Imeahidi kuonyesha uhusiano wa watu unavyofanya kazi: tajiri na mdeni, mtoto na anayemchukua. Basi tuihoji juu ya hilo, na tuone kama vitabu vya aina nyingine vinaikana au vinaiunga mkono.

Kitabu cha kwanza cha kukiita ni cha nyumbani kabisa. Habari za Wakilindi kiliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali, aliyemtumikia mtawala Semboja wa Mazinde, mahali palipo leo katika Wilaya ya Korogwe, na toleo lililowafikia wasomaji wengi lilitoka mwaka 1962 kwa East African Literature Bureau. Kwa maoni yangu ni kati ya vitabu bora vya nathari ya Kiswahili, na anayekiita ngano tu hajakisoma. Kinaanza na Mbegha, mwindaji wa kutoka milima ya Nguu, upande wa Kilindi ambayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni hadi ilipogawanywa mwaka 2002. Mbegha ni kigego, ameota meno ya juu kwanza, ndugu zake wanamwogopa, anakimbia na mbwa wake, anapanda milima ya Usambara, anawapa watu nyama nao wanampa vyakula vya shamba, na mwisho anaua simba, anafanywa mfalme Vugha. Kutoka hapo kitabu kinateremka kwa wana na wajukuu, nani alipewa nchi ipi, nani alimgeuka nani, hadi kifo cha mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862 na vita vilivyofuata, Semboja akiwa chini bondeni kwenye njia ya misafara, karibu na bunduki na baruti, na Vugha juu mlimani ikipoteza nguvu. Mwandishi anajua baraza lilivyonena, nani alinong'ona, nani alikaa upande gani. Kwa siasa za ukoo huu wa watawala, Wakilindi, hakuna mpinzani wake.

Lakini kiulize kitabu hicho kuhusu mtu aliyelipia baruti ile. Vita vya baada ya Kimweri viliendeshwa kwa mateka waliopelekwa pwani na kubadilishwa na bunduki, na mateka hao katika tarikhi hupita kama mali: walichukuliwa, waliuzwa, waligawanywa. Mara nyingi hawana majina, na wenye majina hawana neno la kusema. Sikilaumu kitabu kwa ubaya wa nia. Abdallah aliandika akiwa amesimama mahali fulani, karibu na mkeka wa mtawala, na kutoka pale mtoto wa rehani haonekani. Mwalimu ambaye angempendelea Abdallah kuliko Gurnah kwa sababu Abdallah alikuwapo, ajibu swali hili: alikuwapo wapi? Kuwapo katika zama si kuwapo katika chumba. Mtu anaweza kuishi miaka arobaini katika nchi yenye watu wa rehani asimwone hata mmoja, akaona watumishi tu.

Mzee amekaa kimya muda wote huu na sasa ana lake. “Wanangu, mnabishana juu ya aliyebuni na aliyetumikia. Mimi namtaka aliyesema habari zake mwenyewe.” Anaweka mezani Maisha Yangu cha Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, kilichotoka mwaka 1949 na baadaye kuunganishwa na Baada ya Miaka Hamsini. Juu yake anaweka Mzee Rukhsa, kumbukumbu za Ali Hassan Mwinyi za mwaka 2021, na My Life, My Purpose cha Benjamin Mkapa, cha mwaka 2019. Nakubaliana na Mzee kwa sehemu, na sehemu hiyo ni muhimu. Wasifu huwa na nguvu pale mwandishi anaposema jambo lisilompa faida. Mkapa anapoandika juu ya mauaji ya Januari 2001 Pemba kama doa la urais wake, namwamini kuliko anapoeleza mafanikio ya uchumi wake. Mwinyi kuacha uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya mauaji ya Shinyanga, waziri akibeba dhambi ambayo hakuitenda kwa mkono wake, ni sehemu ambayo kila kiongozi kijana angeisoma mara mbili. Shaaban Robert ni mgumu zaidi kuhukumu. Kitabu chake kina majonzi ya kweli juu ya kifo cha mkewe, Amina, na mapenzi ya baba katika tenzi alizowatungia watoto wake. Lakini ni kitabu cha mtu anayefundisha zaidi ya kusimulia. Ametumikia serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, na msomaji anayetaka kujua siku moja tu ofisini ilikuwaje, karani mweusi mbele ya bwana mkubwa, atafumba kitabu akiwa bado na kiu. Naipenda adabu yake, na naona adabu hiyo imetunyima mengi.

Tatizo la Mzee, hata hivyo, haliko katika ubora wa vitabu vyake. Liko katika swali la nani hupata nafasi ya kuandika wasifu. Rais huandika. Karani mwenye kipaji huandika. Mtoto aliyetolewa kwa deni la vibaba vichache vya mtama haandiki. Mzee atanijibu kwamba wapo walioandika, na ana haki: wavulana waliokombolewa utumwani na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Kiungani, Zanzibar, walieleza maisha yao, na A. C. Madan akayatoa kwa Kiingereza mwaka 1887 katika kitabu kilichoitwa Kiungani. Ningependa kila msomaji wa Kiswahili ayapate masimulizi yale. Ila tazama hali yake. Ni mafupi, yameandikwa na watoto chini ya macho ya mwalimu wao, katika nyumba ya watu waliowalisha, na kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza waliokuwa wakichangia misheni. Mtoto katika hali hiyo husema alichukuliwa wapi na akapita njia gani. Hasemi kwa urahisi kwamba bado anamkasirikia baba yake. Hasira ile, na aibu ya kumpenda bwana aliyekuchukua, ndiyo Gurnah ameifuata ukurasa baada ya ukurasa, hadi Yusuf anapokimbilia safu ya askari wa Kijerumani mwishoni, kitendo ambacho wasomaji wengi hukilalamikia na ambacho kwangu mimi ndicho cha kweli kuliko vyote kitabuni: kijana aliyelelewa katika kumilikiwa hajui mlango mwingine zaidi ya bwana mwingine.

Sasa nimwite shahidi wa Mwalimu mwenyewe. James Giblin ameandika kitabu kizima juu ya Uzigua, The Politics of Environmental Control in Northeastern Tanzania, 1840–1940, kilichotoka mwaka 1992, na Handeni ndiyo kiini chake. Hoja yake ni ya ajabu kwa anayeisikia mara ya kwanza. Anasema kwamba kabla ya Wajerumani, ng'ombe waliweza kuishi katika sehemu za Uzigua kwa sababu watu walikaa na kulima kwa namna iliyozuia vichaka, mbung'o na kupe visitawale. Na kwamba ukaaji huo ulitegemea wakubwa wenye akiba ya nafaka na watu waliowategemea, wakubwa waliolazimika kuwalisha watu wao njaa ilipokuja ili wasiwapoteze. Ukoloni ulipowanyang'anya wakubwa hao biashara na madaraka, kamba ile ikakatika. Njaa kubwa za miaka ya 1890 na zilizofuata zikawakuta watu hawana wa kumwendea, vijiji vikatawanyika, pori likarudi, na magonjwa ya mifugo yakafuata pori. Ni kitabu kinachomfanya mtu aangalie kichaka cha kando ya barabara ya kwenda Handeni kama kazi ya siasa. Na ndani ya hoja hiyo, bila kelele, kuna jambo lile lile la Peponi: kumtegemea mkubwa kulikuwa chakula na kulikuwa kifungo, na lugha yake ilikuwa lugha ya jamaa. Aliyelishwa aliingizwa katika ukoo wa mlishaji. Mtafiti amelithibitisha kwa nyaraka na kwa mahojiano. Mwandishi wa riwaya amelionyesha likimpata mtoto mmoja. Mwalimu alitaka ushahidi, na ushahidi wake unakaa upande wa Dada.

Upo na ushahidi wa tatu, ambao haukuanza kama kitabu. Katika njaa za miaka ya 1830 Wazigua wengi walipelekwa pwani na kuvushwa bahari, na wengine wakafikishwa Somalia. Masimulizi ya vizazi vyao yanasema walihadaiwa: waliahidiwa kazi na chakula, wakajikuta watumwa. Baadaye walitoroka wakaweka makazi katika misitu ya mto Juba, wakamkumbuka mwanamke aliyewaongoza, Wanakhucha, na wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 baadhi ya wazao wao walikimbilia Tanzania, na makazi ya Chogo, Handeni, ni yao. Msomaji wa Handeni anayesoma jinsi Yusuf alivyopandishwa treni akidhani anakwenda kutembea, anasoma akiwa na majirani ambao masimulizi yao yana hila ile ile, safari ile ile ya furaha ya uongo. Simwambii kwamba Gurnah aliwaandika wao; hakuwaandika. Namwambia kwamba maoni yake juu ya kitabu hiki yana kitu ambacho mhakiki wa London hana, na ni hasara yakibaki mdomoni.

Mwalimu hajamalizika. “Haya, riwaya imeshinda kwa rehani. Itashinda na kwa ujamaa?” Hapana, na hapa namuunga mkono bila masharti. Mwaka 1979 vilitoka vitabu viwili juu ya vijiji vya ujamaa. Kimoja ni Gamba la Nyoka cha Euphrase Kezilahabi, riwaya ya kijiji kinachohamishwa kwa nguvu, na vijana wawili wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wanaorudi kukuta maneno yao ya darasani yana marungu mkononi. Kingine ni Ujamaa Villages in Tanzania cha Michaela von Freyhold, kilichotokana na utafiti wa vijiji vya Mkoa wa Tanga. Kezilahabi ananipa hofu na kichekesho cha siku ya kuhamishwa, naye ni fundi. Lakini swali linalowahusu watu wa Handeni na Korogwe ni jingine: sera ilikuwa moja, na tangu mwaka 1973 kuishi vijijini kulikuwa amri, basi kwa nini shamba la pamoja lilipata palizi mahali fulani na likaota majani mahali pengine? Jibu la von Freyhold liko katika tofauti za mali baina ya wakulima wenyewe, katika nani alikuwa na cha kupoteza, na katika maofisa waliotoa maagizo ambayo wasingeyalipia wao yakishindwa. Jibu hilo linataka kukaa vijijini muda mrefu, kuuliza na kulinganisha. Riwaya inamfuata mtu. Kijiji kizima chenye mahesabu yanayopingana ni mzigo wa aina nyingine. Kwa hiyo sidai kwamba riwaya iko juu siku zote. Nadai kwamba cheo cha kitabu kipimwe kwa swali lililo mezani, na kwamba swali la nini hutokea ndani ya aliyetolewa rehani ni swali ambalo nyaraka zimeliacha mikono mitupu.

Pingamizi jingine linatoka kwa wanaosema mjadala wote huu ni wa anasa. Giblin na von Freyhold wako kwa Kiingereza, Habari za Wakilindi hupatikana kwa kuwindwa, na kijana wa Korogwe akipata fedha ya kitabu anataka kile cha kumfundisha biashara, si cha kumrudishia njaa ya mababu. Nusu ya pingamizi hili ni kweli tupu na inaniuma: hoja kubwa kuliko zote iliyowahi kuandikwa juu ya ardhi ya Handeni iko katika lugha ambayo mkulima wa Handeni haisomi, na hakuna sababu ya kulivumilia jambo hilo katika nchi ambayo imeweza kutupa Peponi kwa Kiswahili safi. Kitabu cha Giblin kifasiriwe, na Habari za Wakilindi kichapwe upya kiingie madukani. Nusu ya pili siikubali. Kijana anayetaka vitabu vya biashara na asome riwaya ya Gurnah kwa jicho hilo hilo: inaeleza mkopo unavyotolewa kwa tabasamu na kukusanywa kwa mtu. Nyumba ngapi leo zinaweka rehani shamba la urithi kwa mkopeshaji anayeitwa ndugu?

Limebaki neno la mwisho la Mwalimu, na analisema kwa upole. “Tuseme Dada ana maoni, na yana hoja. Nani atayasikiliza? Wanaohukumu vitabu wako vyuoni.” Jibu liko katika kitabu ambacho Mwalimu mwenyewe anakiheshimu. Steven Feierman, aliyeandika historia ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974, alirudi mwaka 1990 na Peasant Intellectuals, na kitabu hicho chote kimesimama juu ya hukumu za wakulima wa Usambara: mtawala yupi aliiponya nchi na yupi aliiharibu, kuzifya shi na kubana shi, mvua ilimkubali nani, kwa nini matuta ya serikali ya kikoloni ya kuzuia mmomonyoko yalikataliwa. Watu waliotoa hukumu hizo hawakuwa na shahada. Walikuwa na vigezo, walivitaja, walibishana juu yake vizazi na vizazi, na profesa alichukua daftari akaandika. Dada wa Handeni anapotaja ukurasa uliomshawishi, ukurasa uliomshinda, na njaa ambayo bibi zake waliisimulia, anafanya kazi ile ile waliyoifanya wao, ila safari hii kinachohukumiwa ni kitabu, na daftari analo mwenyewe.